Nilidhani ni Posta

Jumanne, 14 Mei 1996, kisiwa cha Remba. Mwaka mmoja na miezi minne tangu nitoke nyumbani Ntimaru. Mvua tangu alfajiri. Omena, dagaa ninaowaanika, wote wako chini ya turubai na wameanza kunuka.

Nina jambo la aibu la kukiri.

Miezi miwili sasa nasoma riwaya ya Marekani isiyo na jalada, mtu aliisahau hotelini. Kiingereza changu kiliishia darasa la sita, kwa hiyo nasoma ukurasa mmoja kwa siku. Ni habari za mlinzi wa daraja la reli. Theluji inaanguka, wenzake wanaondoka, yeye haachi "post" yake. Nilimpenda. Nilidhani ni mtu kama mimi, kila siku yuko posta akingojea barua ya nyumbani.

Leo nilimsimulia Odhiambo, fundi wa nyavu aliyewahi kuwa mwalimu. Alisoma ukurasa niliofikia, akacheka mpaka sindano ikamponyoka.

"Posta gani, omera, ndugu yangu? Post ni lindo! Mahali pa kazi! Huyo hangoji barua, anayo mfukoni. Mke mgonjwa anamwita, yeye hataki kwenda."

"Kwa nini?"

"Kazi, Mwita! Riwaya zao nyingi ziko hivyo. Mtu asiyeacha kazi ndiye shujaa. Maliza, utaona anavyosifiwa."

Sikucheka.

Barua ninayo mimi pia. Wiki tatu zilizopita ndugu yangu Chacha aliandika kwamba mama haamki tena kitandani, na kila asubuhi anauliza kama Mwita amefika. Nilimwambia Mama Akinyi, mwenye omena, aliyeniajiri. Akasema, "Ukienda, baba, nani atanigeuzia omena juani? Ngoja jua likolee." Nikangoja. Hata nilijivuna, kwamba bila mimi samaki wangeoza.

Wameoza nikiwa hapa hapa.

Mlinzi wa daraja ana mwandishi wa kumsifu. Uvumilivu wangu hakuna anayeuandika. Kwa mama una jina moja tu: hakuja.

Sijui kama bado anauliza.

Jioni hii nimemwambia Mama Akinyi atafute mtu mwingine. Amenitazama kwa mshangao.

"Kwani nilikufunga kamba? Nilisema ngoja jua. Mama yako mgonjwa hivyo, mimi ningekuzuia?"

Nilitamani angenitukana.

Boti ya kwenda nchi kavu inaondoka kesho asubuhi. Nitalala Migori. Alhamisi kabla ya saa sita mchana nitakuwa mlangoni kwa mama.