Wajina wa Kwenye Ndoo

Chumba cha Kuoshea Vyombo,
Maabara.
14 Agosti

Mpendwa mdogo wangu,

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha kikombe changu cha bluu, kilichoaga dunia Alhamisi saa nne asubuhi baada ya kugonga ukuta. Ukuta haujambo. Chanzo cha kifo kinafuata.

Kwanza, u hali gani huko ugenini? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi tu wazima, isipokuwa mama mdogo, ambaye uzima wake umebaki wa mwili tu.

Ulisikia kipindupindu kilivyotuvamia. Tumezika watu tisa. Bwana afya alitaka mkosaji kabla ya chakula cha mchana, akamwona mama mdogo na meza yake ya matunda ya kukata. Maji ya ndoo yake, aliyoteka kisimani, yakaletwa hapa, yakakutwa na bakteria wa kipindupindu. Basi, meza ikavunjwa. Sasa mtaa mzima unamwita Mama Kipindupindu, na waliokuwa wakigombea papai lake ndio wa kwanza kuvuka barabara wakimwona.

Mimi huu mwaka wa kumi na moja naosha vioo vya maabara, na macho hayana pazia. Mtaalamu wetu mmoja, tunamwita Miwani, alikataa kuishia pale. Aliwasoma bakteria vinasaba vyao, herufi kwa herufi, akachora ukutani mti wa ukoo wao. Wale wa wagonjwa wote ni mapacha, tumbo moja. Pacha wao mwingine katoka kwenye tangi la halmashauri, lile linalolisha mabomba yote ya mtaa wetu. Nikamuuliza Miwani, na yule wa ndoo ya mama mdogo?

“Huyo wajina tu, kaka. Jina moja, ukoo mbali. Hata sumu hana.”

“Hata ushemeji?”

“Hata ujirani!”

Nusura nimkumbatie, ila mikono ilikuwa na sabuni.

Ripoti ikaenda kwa bwana afya. Akaiatamia wiki tatu. Kuku angalau huangua! Alhamisi ikaja barua yake kwa mama mdogo. Haina pole, haina samahani, wala neno tangi. Anaruhusiwa kurudi kwenye biashara akisaini sharti moja: aache maji ya kisima, atumie ya bomba.

Hapo ndipo kikombe kilipofariki.

Nikamwambia asisaini. Akanijibu, “Mwanangu, mimi nataka meza yangu. Huo ukoo wa wadudu utanilisha?” Mimi sikubali. Nimeunakili ule mti kwa penseli, kesho naupigilia msumari pale meza ilipovunjwa. Waliojua kumtukana watajua kusoma.

Msalimie shemeji na mapacha wenu, wale wa halali. Mungu akuepushe na maradhi, na zaidi na wanaoyatafutia mwenyewe.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata nikiwa nimefura,

Mwosha Vioo

N.B. Mama mdogo amesaini. Bomba halijatoa maji tangu Jumapili.