Kanga ya Mama Iende Bwenini

Kimara, Dar es Salaam

Baba mpendwa,

Shikamoo. Atupele ana haki ya kwenda shule ya bweni na kanga ya marehemu mama, nawe umekosea kuagiza anyang'anywe. Hilo ndilo ninalolitetea hapa, na nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunikatiza kabla sijafika hoja ya pili. Natumaini goti lako limepata nafuu na baridi ya Tukuyu haikusumbui mno. Sisi huku tu wazima.

Ulisema, "Binti wa kidato cha pili si mtoto wa kunyonya." Nakubali. Lakini tangu msiba, mdogo wangu hubanwa pumzi ghafla, na katika vitabu vyote nilivyosoma juu ya huzuni ya vijana sijapata ukurasa unaomtuliza kama upindo wa kanga ile ambayo yeye mwenyewe alimfunikia mama akiugua, akabaki nayo.

Jumamosi shangazi, kwa nia njema kabisa, aliiloweka, akaifua, akaianika. Atupele aliporudi kutoka kwaya aliikuta kwenye kamba. Aliinusa, akaketi kizingitini, pumzi zikaanza kumpaa. Nilimwambia avute hewa taratibu, nikamweleza na sababu zake.

"Kaka, nyamaza kwanza," alisema kwa shida.

"Mie nilidhani nakusaidia, mwanangu," shangazi alisema. "Ilikuwa inanuka moshi."

"Huo moshi ndio mama."

Shangazi alifungua sanduku lake, akatoa kipande cha pili cha doti ileile, alichopewa tulipogawa nguo za marehemu baada ya matanga. Hakuwahi kukivaa wala kukifua. Akamwekea mapajani.

Baba, Atupele alizika uso humo, na mabega yakashuka kidogo kidogo mpaka akapumua kama mtu aliyelala. Mimi na shahada yangu nilisimama kama niliyeingia kanisani watu wakiwa wamepiga magoti. Sijawahi kuona kitu kikubwa namna hiyo kikifanywa na kipande cha pamba. Kisha akainua kichwa.

"Shangazi, na hiki utakiloweka?"

"Nikikigusa, usinipikie tena."

Jioni Atupele alikula akamaliza sahani.

Utauliza ataikumbatia kanga mpaka lini. Sijui. Wewe unavaa saa ya babu iliyokwisha kusimama, na hakuna aliyekuita mtoto.

Nisalimie bibi, na mama mdogo anayekupikia, na mjomba wetu mzee wa kanisa.

Nakutaka unijibu, lakini si kwa kunipigia simu pembeni. Nijibu kwenye kikao cha ukoo cha Desemba, mbele ya wote waliogawana nguo za mama wakampita Atupele kwa kuwa ni mtoto. Na utakapojibu, yeye awe ameketi hapo kikaoni, asiwe ametumwa maji.

Mwanao akuheshimuye na asiyekubaliana nawe,

Lusajo