Gobore la Shemeji

Jumapili, Kilburn

Gobore langu limeliwa na kutu, na aliyeniponza ni shemeji Hamadi. Alinicheka mbele ya watu kwenye klabu yetu ya shabaha, nilipotaka kuliosha baada ya kufyatua: "Hii siyo baruti ya kizamani. Maji ya moto na sabuni ya nini? Pangusa, tia mafuta, basi." Nikamsikiliza, mjinga mimi. Kumbe hii baruti mbadala nayo inaacha chumvi inayokula chuma, na mafuta yanaifungia tu ndani.

Leo kaja anaringa na gobore lake, la bei mbaya. Nikachungulia mtutu. Wekundu umeshaanza, kidogo tu. Angeliosha leo, lingepona.

"Vipi, safi?" akaniuliza.

Nikafikiria dada yake, mke wangu. Nikafikiria kile kicheko.

"Safi kabisa, shemeji. Ongeza mafuta."