Kahawa Nne za Mwalimu Mujuni

Izigo,
6 Desemba, 1971

Dada yangu mpendwa Jovitha,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, wewe na shemeji na watoto wote hapo Miembeni. Sisi huku hatujambo. Mama goti linamsumbua siku za mvua, lakini mdomo wake ni mzima kabisa, na jana amenigombeza kwa namna nilivyomenya ndizi. Usishangae kwamba mwandiko huu si ule mzuri wa karani wa chama uliouzoea. Sababu utaikuta mbele, basi usiruke kurasa.

Felicitas yuko darasa la sita, na mwakani ana mtihani. Vitabu vya Kiingereza havitoshi, kimoja watoto sita. Mwalimu wao, Mujuni, kijana wa Maruku, akabuni njia yake. Alichukua kahawa kavu, zilezile za kutafuna tunazowapa wageni, akachora herufi moja kwenye kila punje kwa sindano na kupaka chaki ili isomeke. Watoto hupewa punje nne, S, T, O na P, wakazirusha mkekani, wakazipanga na kuzipangua mpaka wapate neno, na neno halikubaliwi mpaka mtoto aseme maana yake. Kwa herufi hizo hizo wanapata “stop”, yaani koma, “post”, posta, “spot”, doa, “pots”, vyungu, na “tops”, vilele. Leo nayaandika kama msomi, lakini wakati ule sikujua lolote.

Nilichokiona mimi ni mwanangu amepiga magoti mkekani, anarusha kahawa na kunong'ona maneno nisiyoyaelewa. Unamkumbuka yule mlaguzi, mpiga ramli aliyeletwa bibi alipougua, tukamchungulia mlangoni? Alirusha kahawa vivyo hivyo. Nilimuuliza Felicitas amesema nini, akajibu amesema koma. Kesho yake ng'ombe wetu akakata maziwa. Wewe cheka tu. Mimi nilizificha zile punje chini ya chungu, nikasali rozari nzima.

Mwezi wa kumi ofisi ya elimu ikapata barua isiyo na jina, kwamba mwalimu wetu anawafundisha watoto ulaguzi. Mwalimu Mujuni akasimamishwa kazi mpaka mkaguzi aje, na ikasemekana akifukuzwa hatafundisha tena popote. Watu waliokuwa wakimwita ndani kunywa rubisi wakaanza kupita mbali na nyumba yake. Kisomo chetu cha watu wazima, alichokuwa akitufundisha alasiri tukitoka shambani, kikafungwa. Felicitas alikaa siku mbili bila kula vizuri, na mimi nilimtazama nikashindwa kumfariji.

Wiki iliyopita mkaguzi akafika. Akatuita wazazi wote darasani, akamwambia mwalimu afundishe kama siku zote. Nilikaa nyuma kabisa. Sasa mkaguzi huyo ni Mhaya mwenzetu, na mkono wa Mhaya ukiona kahawa kwenye sahani unajua pa kwenda. Huku akisikiliza, akaokota punje moja, akatia mdomoni. Zamu ilikuwa ya Felicitas. Mtoto akasimama, akasema kwa adabu zote kwamba hawezi kuendelea, maana mheshimiwa ametafuna P.

Darasa zima likaangua kicheko. Mkaguzi naye alicheka mpaka akapaliwa, wakamletea maji. Alipopata sauti akatuambia kwamba kama huo ni ulaguzi, basi yeye ameula na hajambo. Mwalimu akachora P nyingine, watoto wakamaliza maneno yote matano na maana zake, na mkaguzi akatangaza palepale kwamba Mwalimu Mujuni anarudi kazini. Dada, nilihisi kama nimetua mtungi niliokuwa nao kichwani tangu mwezi wa kumi. Nililia, na watu wakadhani nalia kwa ajili ya Felicitas.

Barua ile niliiandika mimi. Mwalimu Mujuni ndiye aliyenifundisha kuandika, akanivumilia miezi sita nikigeuza b kuwa d, na kitu cha kwanza nilichokiandika peke yangu, bila msaada wa mtu, kilikuwa kumshtaki. Baba Felicitas nilimwambia jana. Yeye akauliza kama ng'ombe naye nimeshamwomba radhi.

Mwalimu nilikuwa nimemfuata Jumamosi, na mkungu wa ndizi kichwani. Nilipomweleza hakushtuka. Alisema alijua tangu siku alipoonyeshwa ile barua, kwa sababu mwandiko wangu anaujua. Aliulizwa kama anamfahamu aliyeandika, akasema hapana. Nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Akasema ilimuuma kweli, lakini alijikuta anahesabu mistari yake, ikawa kumi na miwili, na darasani sikuwahi kumaliza mitatu. Kisha akasema barua ile ilikuwa na kosa moja: mwandishi hakuimaliza, kwa kuwa hakutia jina.

Nilirudi nyumbani kichwa chini. Nikaandika nyingine kwa ofisi ya elimu, nikaeleza yote, nikatia jina langu kamili, na leo asubuhi nimeipeleka posta mwenyewe. Watakachosema sikijui. Lakini nimelala vizuri, na tangu mwezi wa kumi nilikuwa sijalala hivyo.

Mpe shemeji senene hao nilioagiza waletwe pamoja na barua hii, na wewe ukionja Mama asisikie, maana kwake mwanamke kula senene bado ni mwiko. Anakusalimia na kukuambia Noeli hii hataki kusikia visingizio, uje. Felicitas anasema atakufundisha mchezo wao, ila usije na njaa.

Hii ni barua ya tatu kuiandika kwa mkono wangu, na ya pili kuimaliza.

Mimi mdogo wako akupendaye,

Klaudia Kokubanza