Nilichosikia Taa Nyekundu Ikiwa Imezimwa

Mpendwa Bibi Ottilie,

Naomba msaada wa safu yako ya ushauri, na naomba unijibu kabla ya tarehe kumi na nne, maana baada ya hapo hata jibu la busara namna gani halitanifaa. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na mbili, nina kampuni yangu ndogo ya kurekodi muziki niliyoianza kwa maikrofoni mbili na gari la kuazima, na hakuna aliyenishika mkono, hilo nataka lijulikane mapema. Baba yetu alikuwa fundi wa kujenga majiko ya vigae, alikuwa na mabinti wawili na uwezo wa kumsomesha mmoja, akamchagua mdogo, nimwite Poldi, akampeleka Vienna kujifunza kuimba, na mimi nikapelekwa kwa fundi umeme kuvuta nyaya, nikaambiwa, "Wewe una mikono, mwenzako ana koo." Sawa. Nilivuta nyaya, nyaya zikanifikisha kwenye maikrofoni, na leo wapo watu wanaotoka mbali kuja kurekodi kwangu, wakati yeye mbele ya waandishi wa habari bado ananiita "fundi wangu".

Miaka miwili nimekuwa nikitayarisha albamu ya muziki wa dhoruba, ule wa wakati watunzi wa huku kwetu walipochoka kuwapigia wakubwa vitu vya kusindikizia chakula, wakaanza kuandika mambo ya giza, fidla zinatetemeka, pembe zinalia, halafu ghafla kimya kinachokukata pumzi. Katikati ya albamu kuna wimbo wa mama anayewalaani miungu kwa kumzamisha mwanawe. Niliwasikiliza waimbaji watatu, wote waliuimba vizuri, na vizuri haitoshi, wimbo ule unamtaka mtu ambaye kila noti unadhani atavunjika na havunjiki, na mtu huyo, nisikudanganye, ni Poldi. Nikameza kiburi nikampigia simu. Akakubali kabla sijamaliza kueleza.

Tunarekodi katika kanisa la kijiji kando ya ziwa, mwangwi wake sijaupata pengine popote, na nimepima makanisa arobaini. Paroko ametunyamazishia kengele, wakulima wa mizabibu wamekubali kutowasha matrekta asubuhi, walioshindikana ni korongo tu, wana kiota juu ya bomba la moshi la nyumba ya paroko na wanagonga midomo kila wanapojisikia. Tumemaliza kila kitu isipokuwa wimbo wa Poldi, umebaki wa tarehe kumi na nne, na kesho yake mafundi wanaingia kufumua paa, kanisa litafungwa miaka miwili.

Jumamosi tulikuwa na mazoezi. Poldi aliuimba wimbo mzima mara moja, kwa sauti yote, hata wapiga fidla waliacha kutazamana. Wakati wa mapumziko wengine walitoka uani na Bwana Hradil, mwongozaji wa okestra, kunywa mvinyo wao uliochanganywa na maji ya gesi, mimi nikabaki sakristia, chumba cha nyuma ya altare iliko mitambo yangu, hedifoni masikioni. Taa nyekundu ya kuonyesha kwamba tunarekodi ilikuwa imezimwa, lakini maikrofoni na kinasa sauti sizizimi kamwe, wanamuziki wanalijua hilo halafu wanasahau. Nikamsikia Henrike, mpiga zumari wetu:

"We Poldi, hiyo chai unaikunja uso kama mtoto anayenyweshwa mwarobaini!"

"Wacha we. Daktari ameona kitu kwenye koo hili. Kidogo tu, kama punje ya haradali, kwenye uzi wa sauti wa kushoto. Kasema nisiimbe miezi mitatu."

"Na umeimba vile sasa hivi? Una kichaa? Dada yako anajua?"

"Nimwambie ili iweje? Atatoa kalamu apige hesabu. Halafu atasema nimemharibia makusudi, kama nilivyomharibia kila kitu tangu nizaliwe. Acha nimwimbie wimbo wake, Henri. Sauti ikikatika, ikatikie kwake. Angalau mara hii nitakuwa nimempa kitu."

Korongo wakaanza kugonga midomo huko juu, Henrike akasema, "Haya, hata hao wanakupigia makofi, mjinga wewe," wakacheka, na mimi nikavua hedifoni.

Bibi Ottilie, kwenye tamasha wimbo ule huimbwa mara moja. Kwangu ataimba mzima mara nne au tano, na vipande vigumu mara thelathini, ndivyo albamu zinavyotengenezwa. Nikinyamaza, huenda tarehe kumi na nne ndiyo siku koo lile litakapofia mikononi mwangu. Nikisema, nitakuwa nimevunja sheria ya kazi yetu, kwamba kinachosemwa taa ikiwa imezimwa hakikusemwa, na okestra nzima itajua kwamba huwa nasikiliza. Nimewaza nimdanganye Poldi kwamba mitambo imeungua, asije, halafu niutumie ule wimbo wa Jumamosi bila kumwambia, upo, nimeurekodi, una kasoro mbili tu, sakafu inalia mahali pamoja, na mwishoni Bwana Hradil anawafokea wapiga pembe, "Nyie mmelala?", na sehemu hizo hazina sauti yake, okestra inaweza kuzirudia. Wakati mwingine nawaza vibaya zaidi, nawaza kwamba ni mtu mzima, ameamua mwenyewe, aimbe. Je, ni lazima mimi nimlinde mtu aliyepewa vyote? Maneno yale nimeyasikiliza mara kumi na moja. Sijayafuta.

Fundi wa Sauti, kando ya ziwa

*

Fundi wa Sauti,

Barua yako nimeitanguliza mbele ya za wengine, watanisamehe. Pole. Kuambiwa na baba yako kwamba una mikono tu ni jambo linalouma mpaka uzeeni, na ulichojijengea kwa mikono hiyo hakuna wa kukunyang'anya. Hapo niko upande wako.

Hapo tu. Umeniandikia makanisa, waimbaji na vipande thelathini, lakini hukuniandikia mahali popote kwamba ulimuuliza mdogo wako hali yake. Amekubali kabla hujamaliza kueleza, ukashangaa, basi, ukaendelea na ratiba. Mtu anakunywa chai kwa kukunja uso mbele ya maikrofoni zako, na aliyeona ni mpiga zumari.

Ile sheria ya taa ni nzuri kwa umbea. Mtu akimsema mwongozaji, au akimsengenya mke wa mtu, wewe ni kiziwi, na ubaki kiziwi. Lakini hukusikia umbea. Ulisikia mgonjwa. Wanamuziki wako wakikuchukia kwa sababu hiyo, watakuwa wachache, na Henrike hatakuwa mmoja wao.

Hadithi ya mitambo kuungua iache kabisa. Utamwokoa koo na kumwibia wimbo, na siku albamu itakapotoka ataisikia pumzi yake ya Jumamosi na atajua. Mwimbaji anajua pumzi zake. Na lile wazo la kwamba ni mtu mzima, umelisema kwa sauti ndogo, na mimi nalijibu kwa sauti kubwa: aibu! Mtu mzima huamua akiwa huru. Huyu anataka kulipa kwa koo lake deni alilokopa baba yenu.

Sasa fanya hivi. Nenda kwake leo, usipige simu. Mwambie, "Jumamosi nilikusikia ukiongea na Henrike, maikrofoni zilikuwa wazi." Halafu nyamaza. Atakasirika, mwache akasirike, atakuita majina, usijibu hata moja. Akimaliza, mwambie maneno yale umeyafuta, na uwe umeyafuta kweli kabla ya kuondoka nyumbani kwako. Kisha mwende wote wawili kwa daktari, na neno la daktari liwe la mwisho, si lako, si lake.

Daktari akikataa, mweleze mdogo wako kwamba wimbo wa Jumamosi upo. Usikilizeni pamoja. Akikubali, tarehe kumi na nne okestra irudie zile sehemu mbili zenye kasoro bila yeye na kazi imekwisha. Akisema hataki, utauacha, hata kama anasema hivyo kwa hasira, hata kama katikati ya albamu patabaki pengo. Najua nakuomba nini. Miaka miwili, na kanisa lisilo na mfano. Paa litajengwa upya na wewe utarudi. Lile koo likikatika halina fundi.

Hilo la "fundi wangu" mwambie pia kwamba linakuuma, lakini siku nyingine. Leo huendi kudai heshima.

Na siku ile ya kumi na nne, akiimba au asiimbe, mkaribishe kanisani wewe mwenyewe, umkalishe mahali pa mwimbaji, na asikie kwa masikio yake kutoka kinywani mwako kwamba humdai kitu.

Ottilie