Miguu Mitatu ya Bunduki

Murukulazo,
Ngara.
17 Septemba 1995

Mpendwa mwanangu Erasmus,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mtwara, wewe na Joyness na mtoto, na kwamba kile kikohozi ulichokitaja kimekuacha. Sisi tu wazima, isipokuwa mikono yangu, ambayo sasa hutetemeka hata nikishika kikombe. Mama yako Eustakia anakula kidogo, lakini anakula. Migomba imezaa vizuri. Taabu ni kuni, kwa kuwa wakimbizi ni wengi kuliko miti, nao pia lazima wapike.

Katika barua yako ya Juni uliandika kwamba mbogo hajui dhambi, ukanisihi niache kumfuata yule aliyemwua baba yako. Niliisoma mara mbili, nikaikunja, nikaenda kusafisha bunduki. Baba yako Bartholomayo alikuwa mdogo wangu. Sikumfundisha kusoma ili aje akanyagwe katika maharage yake mwenyewe. Mama yako naye alikataa matanga yaondolewe kabla mnyama hajafa. Bwana nyama, afisa wa wanyamapori, alinipa kibali, maana mbogo huyo alirudi bondeni kila wiki, akichechemea mguu wa nyuma.

Tatizo lilikuwa mikono hii. Kwanza nilichukua nguzo yenye panda, ile tunayoegemezea mgomba wenye mkungu mzito. Mguu mmoja huzuia bunduki isishuke, lakini hauizuii isiyumbe kando. Nilikosa. Pancras, yule jirani yetu fundi ujenzi, alicheka kilabuni mbele ya watu: “Mwalimu, ulikwenda kuwinda au kuegemeza migomba? Mwanamume hupiga kwa mkono mtupu!” Nilikiweka kicheko chake mahali ninapoweka vitu visivyooza.

Baadaye, njiani kuelekea kambini, niliwaona wapiga picha wa kigeni wakitanua miguu mitatu na kuweka kamera juu yake. Nilirudi nikakata fito tatu zilizonyooka, zinazonifika kifuani, nikazifunga shubiri moja kutoka juu kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli. Zikikunjwa ni mkongojo, zikitanuliwa hazitikisiki. Nilijifunza pia kutoegemeza mtutu wenyewe, kwa kuwa chuma kikilala juu ya mti huruka wakati wa kufyatua. Huegemezwa sehemu ya mti ya bunduki, juu ya kitambaa kilichokunjwa. Nilifanya mazoezi bila risasi kwa wiki tatu.

Jumamosi, tarehe 2, asubuhi, alitoka katika matete, hatua sitini kutoka niliposimama. Nilitanua fito, nikatoa pumzi, nikalitaja jina la baba yako, nikafyatua. Risasi ilimwingia begani, akaanguka palepale. Nilifurahi, Erasmus, wala sitakudanganya. Nilipohakikisha amekufa, nilimkalia shingoni kama kigoda mpaka watu wakafika.

Walipomchuna, walikuta katika paja la nyuma, ndani ya usaha, kipande cha nondo kilichokatwa kwa msumeno. Hapa kwetu ni mtu mmoja tu anayeshindilia vipande vya nondo katika gobori lake badala ya risasi.

Unaijua kanuni ya wawindaji wetu. Anayemjeruhi mbogo hupita nyumba kwa nyumba kabla jua halijatua, akitaja bonde alimoingia mnyama, ili mtu asiende shamba la huko. Pancras alikuwa akiwinda bila kibali ili auze nyama kambini. Alipiga kwa mkono mtupu, akampata paja badala ya bega, akarudi nyumbani kimya. Kesho yake baba yako alikwenda kupalilia maharage.

Jumapili tuliondoa matanga. Nilimkaribisha Pancras, nikampakulia kwa mkono wangu ndizi na nyama, na juu yake nikaweka ile nondo.

“Mwalimu, hiki ni nini?”

“Ni chako. Kimerudi.”

Mama yako aliweka sinia chini. “Pancras, ulijua?”

Deodata, mke wake, alijibu kabla yake: “Alijua. Jioni ile aliniambia nisiende kuchota maji bondeni.”

Watu walitaka kumpiga, nikawakataza. Kipigo ni jambo la saa moja. Nilitamka kwamba mwana wa marehemu ndiye atakayeamua kama apelekwe polisi au afanywe nini. Hadi hapo, gobori lake liko chini ya kitanda changu, naye kila jioni, kabla jua halijatua, hupita nyumba kwa nyumba akisema mlangoni: “Mimi Pancras nilimjeruhi mbogo, nikanyamaza.” Huanzia kwa mama yako.

Ulisema kweli, mwanangu: mnyama hakuwa na hatia.

Nduguzo Adelfina na Frednand wanakusalimu, na shangazi yako Priscila anamwombea mtoto. Mungu awalinde ugenini, awape usingizi mwema na mikono isiyotetemeka.

Kwangu Pancras hufika mwisho. Akishasema maneno yake, huuliza kama barua yako imefika. Najua likizo yako ni Desemba. Usiombe ruhusa mapema, wala usiharakishe kujibu.

Wako akupendaye,
Baba yako mkubwa,
Leonidasi