Kivuko cha Daftari la Oktoba

Jumanne, 10 Machi 1998. Asubuhi mawingu mepesi, upepo wa mashariki, hakuna mvua. Tuko bondeni, chini ya Kilimatinde.

Tumeamka saa kumi na mbili. Chai ya rangi na viazi vya jana. Ni siku ya tatu, na kazi ni ileile: kupita njia zilizobomolewa na mafuriko na kuandika kila karavati lililoondoka, ili mradi wa mbegu unaotutuma ujue magari yake yapite wapi. Barabara yenyewe hakuna. Tunakwenda porini, kati ya miiba na udongo uliopasuka, tukifuata mahali miti ilipoachana.

Leo nusura nimfilisi Baba Hamisi, dereva tuliyemkodi.

Alikuwa fundi wa kiwanda cha serikali. Kiwanda kilipouzwa, wafanyakazi wakapunguzwa, na kiinua mgongo chote akakitia kwenye hili gari kuukuu analolikodisha na kuliendesha mwenyewe. Hana shamba, hana duka. Watoto watatu wanasoma kwa gari hili. Kila tukisimama analipangusa vumbi, hata huku ambako hakuna wa kuliona.

Saa nane mchana tulifika kwenye korongo. Oktoba iliyopita, kabla ya mvua hizi, nilipita hapohapo nikaandika: "Vuka penye mikwaju mitatu. Mchanga mgumu, kokoto chini." Mikwaju ipo, yote mitatu. Niliiona nikafurahi kama mtu aliyekuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu.

Ukingoni palikuwa na mama anachunga mbuzi, amenizidi umri kidogo. Nilimwamkia, akaitika, akajitaja kuwa Mama Yohana. Kisha akasema, "Hapo msipite. Mto ulihama, halafu ukarudi. Huo mchanga ni mgeni."

Nikamwonyesha daftari.

"Hicho kitabu kilinyeshewa na mvua hii?" akauliza.

"Hapana, ni cha Oktoba."

"Basi hakijui kitu." Akacheka, akaswaga mbuzi wake.

Baba Hamisi alinitazama. "Binti, mwenyeji anasema pabaya."

"Nimepaandika kwa mkono wangu. Pagumu."

Akaingiza gia. Kwa siku tatu daftari langu halikuwa limemdanganya.

Tulifika katikati tu. Juu palikuwa na ganda kavu, chini uji. Gari lilizama mpaka ekseli. Alizima injini, akauliza bila hasira, "Si ulisema pagumu?"

Nikamjibu, "Dereva ni wewe."

Jibu hilo limenitia aibu tangu mchana, kuliko hata kuzama kwenyewe. Baba Hamisi alivua shati, akalikunja, akaliweka kwenye kiti, akashuka na koleo.

Nilipoinua macho niliona wingu jeusi upande wa kaskazini, kwenye miinuko, limeshuka hadi ardhini. Kwetu jua lilikuwa linachoma. Nimekulia Mwankoko, najua: korongo halingoji mvua inyeshe ulipo wewe.

Tulichimba. Jeki ikawa inazama badala ya gari kupanda. Nikaenda nyuma nikatoa ubao wa mninga ninaouweka magotini nikiandika, alionichongea baba nilipomaliza kidato cha nne. Tukauweka chini ya jeki. Ukashika. Chini ya magurudumu tukatandika matawi, kisha magunia, kisha hema langu.

Gari lilisogea kama hatua mbili, likazama tena. Tukaanza upya.

Mara nikasikia panga. Mama Yohana amerudi, anakata matawi. "Mbuzi wamekataa kushuka," alisema. "Maji yako njiani." Sikumsikia akisema kwamba alituonya. Aliteremka kwenye tope mpaka magotini na kuniambia nisogee, nilikuwa nimesimama vibaya.

"Sukumeni nikiita," alisema Baba Hamisi. "Si kabla."

Aliita mara mbili, likagoma. Mara ya tatu nilisikia hema linachanika, na gari likarudi nyuma, likapanda ukingo kinyumenyume. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika kumi.

Saa kumi na moja na robo maji yalikuja.

Kwanza ulikuja ulimi wa povu, vijiti na mavi ya mbuzi, upana wa mkeka. Unatambaa kama hauna haraka. Nyuma yake maji mekundu, ya magoti, halafu ya kiuno, na sauti ambayo niliisikia zaidi kifuani. Shimo tulilochimba likatoweka. Ubao wa baba ulibaki humo. Tulikuwa tumewahi kuvuta hema na magunia tu; ubao ulizama chini mno, hatukuweza kuufukua kwa wakati.

"Sasa kitabu chako kimeona maji," alisema Mama Yohana.

Nilicheka. Nikafuta tope mikononi kwa kanga.

Jioni nilisonga ugali. Baba Hamisi alikuwa anatoa tope kwenye taa za gari kwa kidole. Nilimwambia, "Nisamehe kwa lile jibu."

Aliendelea kufuta taa. "Makosa ya barabara unayaandika yote, binti. Na hili?"

"Nitaliandika."

"Haya. Liandike lote, usijihurumie."

Nimeliandika. Ukurasa wa Oktoba nimeupiga mstari na kuweka: "Kivuko kimekufa. Uliza wenyeji." Kesho Mama Yohana atatuonyesha njia ya juu. Yeye atakaa mbele. Mimi nitakaa nyuma na magunia, na daftari nitalifungua tukishavuka.

Naandikia gotini, mwandiko ni mbaya. Hema halifai tena, nimetandika magunia makavu yaliyobaki garini. Baba Hamisi amelala ndani ya gari, mlango wazi, mkono mmoja uko kwenye usukani kama mtu anayeuguza. Korongo bado linanguruma.

Saa nne na dakika ishirini. Nalala.